Kumruhusu Daktari Si Kuhalalisha Dawa za Kulevya

Tangu katikati ya mwaka 2025 habari moja imekuwa ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa sura mbalimbali: mara Jamhuri ya Czech "imehalalisha uyoga wa kulevya", mara New Zealand imefuata, mara Australia iliwatangulia wote na Marekani ipo njiani. Chini ya kila habari wasomaji hugawanyika papo hapo. Wapo wanaoona dunia imeharibika, na wapo wanaouliza na sisi tutaruhusiwa lini. Wengine, na hawa ndio walionifanya niandike, wana mgonjwa nyumbani: ndugu aliyezama kwenye sonona miaka nenda rudi, dawa za kawaida zimegonga mwamba, nao wanataka kujua tiba hiyo inapatikana wapi na kwa shilingi ngapi. Makundi yote matatu yanajibu habari ambayo haikutokea. Hakuna nchi kati ya hizo iliyohalalisha dawa hizi kwa namna ambayo mtu wa kawaida anaielewa. Kilichofanyika ni kumpa daktari fulani, kwa mgonjwa wa aina fulani, kibali cha kutumia kitu ambacho kwa watu wengine wote kinabaki chini ya udhibiti mkali. Hoja yangu ni kwamba huu ugomvi wa halali na haramu unaficha swali zito zaidi: nani mwenye mamlaka ya kusema dawa imethibitika, kwa ushahidi gani, na nani anamlinda mgonjwa wakati dawa imemlegeza akili na mwili? Hapo ndipo nchi zinapotofautiana. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu kwenye jambo hili, ila haipo pale tunapoitafuta.

Dawa zenyewe si nyingi. Psilosaibini ndiyo iliyomo kwenye uyoga unaoleta mauzauza. LSD ilitengenezwa mwaka 1938 na Albert Hofmann, mwanakemia wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi, naye akaja kugundua nguvu yake mwaka 1943. MDMA ndiyo ile inayouzwa kwenye kumbi za starehe kwa jina la ekstasi. Ibogaini hutoka kwenye mzizi wa iboga, mti wa misitu ya Gabon na jirani zake. Pembeni yake ipo ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji, ambayo nitairudia kwa sababu ndiyo inayotugusa. Kati ya miaka ya 1950 na 1960 madaktari wa Ulaya na Marekani walizijaribu baadhi ya dawa hizi kwa walevi wa pombe na kwa wagonjwa wa saratani waliokuwa wakikikabili kifo kwa hofu kubwa. Kisha zikatoka hospitalini zikaingia mitaani, siasa ikaingilia, na mwaka 1971 mataifa yakakutana Vienna na kupitisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Dawa Zinazoathiri Akili. LSD na psilosaibini ziliwekwa kwenye Jedwali la Kwanza, la ukali kuliko yote. MDMA iliongezwa humo mwaka 1986.

Hapa ndipo inapozaliwa hoja dhaifu kuliko zote ninazozisikia, nayo husemwa na wapinzani na watetezi kwa pamoja: kwamba sheria ya kimataifa inakataza tiba hii, kwa hiyo nchi inayoiruhusu imevunja mkataba, au imeushinda. Mkataba haukusema hivyo. Kifungu chake cha 7 kinapiga marufuku matumizi yote ya dawa za Jedwali la Kwanza isipokuwa ya kisayansi na ya kitabibu yenye mipaka finyu sana, yanayofanywa na watu walioidhinishwa, katika taasisi zilizo chini ya serikali moja kwa moja au zilizopewa idhini mahususi. Mlango upo, mwembamba, na uliachwa wazi kwa makusudi. Uswisi inaupitia kimyakimya. Mamlaka yake ya afya ilitoa vibali vya kutibu kwa LSD na MDMA kati ya 1988 na 1993, na tangu 2014 madaktari wamerudi kuomba kibali cha mgonjwa mmoja mmoja, kesi kwa kesi. Kanada ilitoa ruhusa za namna hiyo Agosti 2020 kwa wagonjwa wanne waliokuwa na maradhi yasiyopona, na Januari 2022 ikabadilisha kanuni ili daktari aweze kuomba psilosaibini au MDMA kwa mgonjwa aliye mahututi au aliyekosa tiba nyingine. New Zealand, ile inayosemwa "imehalalisha", Juni 2025 ilimruhusu daktari bingwa mmoja wa magonjwa ya akili kuandika psilosaibini kwa wagonjwa wenye sonona sugu. Daktari mmoja. Czech nayo, kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2026, imeifungulia psilosaibini njia ya matumizi ya kitabibu, tena kwa masharti. Mtu akikuambia mkataba wa 1971 umevunjwa na nchi hizi, mwombe akuonyeshe kifungu.

Tofauti ya kweli inaonekana ukiziweka Australia na Marekani pamoja, kwa sababu zilikuwa na tafiti zilezile mezani zikatoa majibu yanayopingana. Mamlaka ya dawa ya Australia ilikataa ombi mwaka 2021, kisha Februari 2023 ikatangaza kwamba kuanzia 1 Julai mwaka huo madaktari bingwa wa akili wenye idhini maalumu wanaweza kutumia MDMA kwa ugonjwa wa kiwewe (PTSD), na psilosaibini kwa sonona isiyosikia dawa nyingine. Ilikuwa nchi ya kwanza kufanya hivyo kitaifa. Lakini tazama ilichoruhusu: iliruhusu daktari, haikusajili dawa. Hakukuwa na bidhaa hata moja ya psilosaibini au MDMA iliyokuwa imepitia tathmini kamili ya ubora, usalama na ufanisi kama inavyofanyiwa dawa ya presha. Mzigo wote wa uamuzi uliwekwa mabegani mwa daktari na kamati ya maadili inayomsimamia. Matokeo yake tiba ipo kisheria, ila gharama inafika makumi ya maelfu ya dola za huko, na wengi walioishangilia sheria hawataiona tiba.

Marekani ilipita njia ndefu. Mamlaka yake ya chakula na dawa, FDA, iliitambua MDMA mwaka 2017 kuwa tiba yenye matumaini ya pekee, na psilosaibini mwaka uliofuata, ili tafiti ziharakishwe. Kampuni ya Lykos ikaleta majaribio mawili makubwa ya MDMA kwa watu wenye kiwewe, moja la watu 90 na jingine la watu 104. Katika lile la pili, asilimia 71 ya waliopewa MDMA hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa, dhidi ya asilimia 48 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa pamoja na mazungumzo yaleyale ya tiba. Ukiziona tarakimu hizo unaweza kudhani kazi imekwisha. Juni 2024 jopo la washauri likapiga kura 9 kwa 2 kwamba ufanisi haujathibitika, na 10 kwa 1 kwamba faida hazijaonyeshwa kuzidi hatari. Agosti mwaka huo FDA ikakataa na kuagiza jaribio jingine kubwa.

Watetezi walipiga kelele kwamba urasimu umewanyima tiba maveterani, yaani askari wa zamani, wanaojiua. Naielewa hasira yao na siichukulii kirahisi. Kiwewe kinaua, na dawa zilizopo za ugonjwa huo ni chache na hazina nguvu ya kutosha. Hata hivyo jopo lilikuwa na haki. Msingi wa jaribio la dawa ni kwamba mgonjwa na anayempima wasijue nani kapewa dawa na nani kapewa kidonge kitupu. MDMA haifichiki: ndani ya saa moja taya zinabana, moyo unakwenda mbio, furaha inafurika. Karibu kila mtu alijua kapewa nini. Aliyejua amepata dawa alipona kwa matumaini pia, na aliyejua amekosa alivunjika moyo, kwa hiyo pengo kati ya makundi mawili linaweza kuwa limenenepeshwa na matarajio. Zaidi ya hapo, watafiti hawakukusanya ipasavyo taarifa za raha na msisimko ambazo zingeonyesha hatari ya dawa kutumiwa vibaya. Psilosaibini ina mtihani uleule. Kampuni ya Compass ilitoa Juni 2025 matokeo ya jaribio la watu 258 wenye sonona sugu: dozi moja ya miligramu 25 iliwashinda wasiopewa dawa kwa wastani wa pointi 3.6, kwenye kipimo chenye pointi 60. Ni tofauti halisi, na kwa mgonjwa wa miaka mingi inaweza kuwa na maana. Muujiza unaohubiriwa mitandaoni haumo humo.

Halafu kuna jambo ambalo sheria nyingi hazijalimeza bado. Kinachoombewa kibali hapa ni kidonge pamoja na watu wawili walioketi karibu na mgonjwa. Katika utaratibu wa Lykos mgonjwa hupitia vikao vitatu vya maandalizi, kisha siku tatu za dawa zilizoachana kwa takriban mwezi, kila moja ya saa nane, amelala kwenye kochi, macho yamefunikwa, muziki masikioni, na waganga wawili wa tiba ya mazungumzo wakiwa chumbani muda wote. Baada ya hapo kuna vikao tisa vya kuyachambua yaliyojitokeza. Vikao vya mazungumzo ni vya saa moja na nusu kila kimoja. Ukijumlisha unapata saa 42 kwa mgonjwa mmoja, na kwa kuwa wahudumu ni wawili, saa 84 za kazi ya kitaalamu. Katika saa zile nane mgonjwa anakuwa hana kinga. Anamwamini aliye mbele yake kuliko kawaida, anaweza kutaka kushikwa, hawezi kusimama na kuondoka. Kwenye jaribio moja la awali lililofanyika Kanada, wahudumu walipigwa video wakilala na kumkumbatia mgonjwa wa kike aliyekuwa chini ya dawa, na mmoja wao baadaye akawa na uhusiano wa kingono naye. Taasisi iliyodhamini utafiti ilikiri kwamba maadili yalivunjwa. FDA hupima dawa; haina mamlaka juu ya mazungumzo ya tiba wala juu ya mikono ya mhudumu. Sheria yoyote itakayosema "tumeruhusu psilosaibini" bila kusema nani anaingia chumbani, nani anamkagua, na mgonjwa akidhulumiwa ashtaki wapi, ni sheria ya nusu.

Oregon ilichukua njia ya tatu, na mimi naiona yenye mashaka kuliko zote. Wapiga kura wa jimbo hilo la Marekani walipitisha mwaka 2020 hoja namba 109, na huduma zikaanza 2023. Mtu wa miaka 21 na kuendelea anakwenda kwenye kituo chenye leseni, anapewa psilosaibini, anakaa na msimamizi mpaka nguvu ya dawa iishe, haruhusiwi kuondoka nayo. Hahitaji cheti cha daktari wala ugonjwa wowote, na msimamizi hahitaji kuwa mtu wa afya. Colorado ilifuata kwa kura ya 2022. Wakati wote huo sheria ya shirikisho inaihesabu psilosaibini kuwa dawa ya daraja la marufuku kabisa, kwa hiyo benki zinaogopa na bima hazilipi. New Mexico, iliyopitisha sheria yake mwaka 2025, imejaribu kurudisha jambo kwa madaktari kwa kutaja magonjwa yanayostahili. Kura ya wananchi ni njia nzuri ya kuamua kama mtu afungwe kwa kukutwa na uyoga. Haiwezi kujua kama uyoga huo unatibu.

Katika upande wa watetezi wa huku kwetu ipo hoja nyingine inayopendwa: hivi ni vitu vya asili, wazee wameshavitumia, Mzungu ndiye aliyevipiga marufuku na sasa anaturudishia kwa bei. Sehemu ya pili ina ukweli mchungu. Iboga ni urithi wa wafuasi wa Bwiti, dini ya jadi ya Gabon, na Gabon iliitangaza kuwa mali ya urithi wa taifa mwaka 2000, kisha mwaka 2019 ikasimamisha usafirishaji wake nje kwa sababu mti ulikuwa unaporwa misituni. Juni 2025 jimbo la Texas lilitenga dola milioni 50 kwa utafiti wa ibogaini kama tiba ya uraibu na majeraha ya akili ya maveterani. Ni haki ya Gabon kuuliza sehemu yake iko wapi, na Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida za mimea na viumbe, inaipa msingi wa kuuliza. Lakini sehemu ya kwanza ya hoja inaua watu. Ibogaini huvuruga umeme wa moyo, na vifo vimeandikwa kwenye ripoti za kitabibu. Watafiti wa Stanford waliochapisha mwaka 2024 matokeo ya maveterani 30 waliotibiwa Mexico walieleza kwamba wagonjwa walipewa magnesi ili kulinda moyo. Mganga asiye na mashine ya kupima moyo hana njia ya kujua ni nani kati ya wateja wake atakayeanguka. Uasilia wa mzizi haubadilishi hilo.

Nimesema sehemu yetu haipo pale tunapoitafuta. Ipo kwenye ketamini. Dawa hii ilitengenezwa 1962, ikaidhinishwa Marekani 1970, na tangu 1985 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nenda hospitali ya wilaya usiku, umeme umekatika, mama ana uzazi pingamizi na bingwa wa usingizi yuko kilomita mia moja na zaidi. Ketamini inadungwa kwenye mshipa, na mshipa ukikosekana kwenye msuli. Mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe, presha haiporomoki, upasuaji unafanyika bila mashine ya kupumulia. Wauguzi wa chumba cha upasuaji wanajua wengine wanavyoamka: wanaongea na watu wasiokuwepo, wanasema wameelea juu ya miili yao. Mauzauza hayohayo ndiyo yaliyowafanya madaktari waichunguze kama tiba ya sonona, na Machi 2019 ndugu yake, esketamini, ikaidhinishwa Marekani kama dawa ya kupuliza puani kwa sonona sugu. Kwa maneno mengine, ya kwanza katika familia hii kupata idhini kamili ya mamlaka ya dawa kwa sonona ni ndugu wa ile ambayo Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zinaitumia kila siku kwa kazi nyingine.

Ketamini haimo kwenye jedwali lolote la mkataba wa 1971, na nusura iwemo. Mwaka 2015 China, iliyokuwa inasumbuliwa na matumizi yake mitaani, ilipendekeza idhibitiwe kimataifa, kwanza kwenye Jedwali la Kwanza, kisha ikalegeza hadi la nne. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikuwa wameshaipitia dawa hiyo zaidi ya mara moja na kushauri isiwekwe, kwa sababu nchi maskini zingeikosa. Uamuzi uliahirishwa, haukuzikwa. Anayedhani udhibiti wa kimataifa ni karatasi tu aiangalie mofini, ambayo kisheria inaruhusiwa kila mahali, lakini hospitali nyingi za Afrika hazina tone lake kwa mgonjwa wa saratani anayelia. Uganda ndiyo iliyojinasua, ikatengeneza mofini ya maji ya kunywa na mwaka 2004 ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Kadiri ketamini inavyopata sifa ya kutibu sonona, kliniki binafsi zinavyoiuza kwa watu wenye fedha, na inavyovuja mitaani, ndivyo shinikizo la kuifungia linavyorudi. Msukumo wa mataifa tajiri wa kuzifungua dawa hizi za mauzauza unaweza kuishia kutufungia sisi dawa ya upasuaji.

Kwa hiyo sishauri Dodoma au Nairobi zikimbilie kutunga sheria ya psilosaibini. Ukipiga hesabu ya saa 84 kwa mgonjwa mmoja katika nchi ambazo hospitali nyingi za wilaya hazina hata daktari bingwa mmoja wa afya ya akili, utaona fedha hizo zinaweza kuwatibu wangapi kwa dawa za sonona zilizopo na ushauri nasaha wa kawaida. Wala sikubaliani na wanaosema tujifungie kabisa kwa kuwa "unga ni unga". Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni Februari 2011, waraibu wa heroini wakawa wanapanga foleni asubuhi, wanakunywa dozi mbele ya muuguzi, arosto inatulia, wanarudi kazini. Methadoni ni dawa inayodhibitiwa vikali, na Tanzania imeonyesha inajua kuitumia kwa nidhamu. Uwezo huohuo wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, wa Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya na wa kamati za maadili ya utafiti ndio unaotakiwa kuimarishwa sasa, ili siku moja mtafiti wa Dar es Salaam au Kampala akileta ombi la jaribio halali la kitabibu, akute watu wa kulipima badala ya faili linalozungushwa ofisi hadi ofisi. Kwa ndugu wenye mgonjwa, jibu langu ni gumu: hakuna kliniki yenye idhini ya psilosaibini hapa kwetu, na anayekuuzia ya kificho anakuuzia dozi isiyojulikana kutoka kwa mtu asiyewajibika.

Kamisheni ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa, inayopigia kura majedwali haya, hukaa Vienna kila Machi ikiwa na wanachama 53, kati yao 11 ni viti vya Afrika. Desemba 2020 iliiondoa bangi kwenye jedwali kali la mkataba wa 1961 wa dawa za kulevya kwa kura 27 dhidi ya 25. Kura moja kutoka upande mmoja kwenda mwingine ingeleta sare. Ketamini ikirudi mezani huenda hesabu zikawa finyu hivyohivyo. Ujumbe wa nchi zetu unaokwenda pale unatakiwa uwe na daktari wa usingizi kutoka hospitali ya wilaya, aliyekaa mbele kabisa pamoja na maofisa wa kupambana na dawa za kulevya, na wizara za afya zinatakiwa ziwe zimeandika msimamo wao kabla ndege haijaondoka.